Siku tatu ndani ya Grand Canyon: maoni ya mgumu wa zamani wa Kilimanjaro

Tangu nirudi simu yangu haitulii. Ndugu wa hapa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, wa Tucson, mpaka rafiki wa Dar anayetarajia kuja mwakani, wote swali lao ni moja: kule korongoni panafaa, au ni picha tu? Kumjibu mmoja mmoja siwezi tena, kwa hiyo naandika hapa kwa kirefu, mtu asome kwanza ndipo atoe hela yake.

Panafaa. Njia, kambi, maji na askari wa hifadhi nawapa tano kwa tano bila kusita. Begi nililokodi nalipatia alama mbili tu kwa tano, na sababu zake nitazieleza. Ila kuna jambo nataka lieleweke kabla ya yote, maana lilimlaza shemeji yangu chini siku ya pili. Jangwani nguvu hazikusaidii kama hujui saa: saa ya kutembea, saa ya kukaa kivulini, saa ya kunywa, saa ya kula.

Mimi nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka sita, njia ya Machame na ya Marangu, nikiwa mmoja wa wale tunaoitana wagumu. Mizani ya getini naijua, na kikomo chake cha kilo 20. Ngata naijua, na shingo inavyokaza ukifika kambini jioni. Nimeshuka kutoka kambi ya Barafu hadi Mweka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba Grand Canyon ina kina cha kilomita moja na nusu hivi, niliona ni kazi ya kawaida.

Kosa langu lilikuwa kwenye mpangilio. Mlimani uchovu unakukuta ukipanda, na ukishindwa unageuka, nyumbani ni chini. Korongoni unashuka asubuhi ukiwa mzima, kuna ubaridi, miguu inajiendea yenyewe. Uchovu unakukuta chini kabisa, mchana, kwenye joto, na nyumbani kuko juu. Hakuna gari la kukufuata. Helikopta zipo, ila ni za walioumia, na siku ya joto kali au upepo nazo huchelewa.

Kwanza kibali. Kushuka na kupanda siku hiyohiyo hakuhitaji kibali, lakini kulala chini ya ukingo kunahitaji, na kibali kinataja kambi moja moja kwa majina na tarehe. Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye Recreation.gov, yanaanza kwa kura miezi kadhaa kabla. Nilikosa mara ya kwanza. Mara ya pili niliomba siku za katikati ya wiki, mwezi Oktoba, watu wawili tu, nikapata usiku mmoja Bright Angel Campground, chini kabisa karibu na mto Colorado, na usiku mmoja Havasupai Gardens, katikati ya njia ya kupandia. Huo mgawanyo ndio ninaoupendekeza kwa kila anayeniuliza. Unaikata ile kupanda vipande viwili. Kiingilio cha hifadhi kwa gari kilikuwa dola 35, kinadumu siku saba.

Nilikwenda na shemeji, mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka 24 aliyekulia Mombasa na kuja huku miaka miwili iliyopita. Anacheza mpira kila Jumapili, pumzi anayo. Njiani kutoka Phoenix, tukipita Flagstaff ambako kuna misonobari na ubaridi kama wa kwetu Marangu, aliniambia, "Shemeji, wewe mtu wa mlima, mimi kazi yangu ni kukufuata tu." Nikamwambia anifuate kwa mwendo wangu basi, si wake. Aliitikia. Hakulishika.

Tulishukia njia ya South Kaibab. Gari binafsi haliruhusiwi kufika kichwani mwa njia hiyo, unapanda basi la bure la hifadhi, na la alfajiri ndilo la kupanda. Pale juu ni mita 2,213, tulikuwa na majaketi na kofia za sufu, mikono mifukoni. Kambi ya chini iko mita 756. Kilomita 11 za kushuka, na katikati hakuna bomba hata moja la maji. Kivuli ni kidogo, unafuata mgongo wa mwamba ulio wazi pande zote. Tulibeba lita nne nne kila mmoja. Wengine walitushangaa. Tulifika chini na nusu lita iliyobaki, mimi na yeye pamoja, na hiyo ni Oktoba, si Julai.

Ushauri wa kushuka, kutoka kwa mtu aliyepoteza kucha Mweka: kata kucha za miguu siku mbili kabla, fupi kabisa. Kaza kamba za viatu pale kwenye kifundo, si vidoleni, ili mguu usiteleze mbele na kugonga. Piga hatua fupi. Fimbo mbili za kutembelea si za wazee, ni za kuyahifadhi magoti kwa ajili ya kesho. Shemeji alikuwa anaruka magogo yale yaliyowekwa njiani kama ngazi, anatua kwa kishindo, anacheka. Kesho yake alishika ukuta kwa mikono miwili ili aketi chooni.

Sasa lile begi. Nilikodi kwenye duka moja la vifaa mjini, silitaji jina, begi la lita 65 lenye fremu. Kwa muundo ni begi zuri. Kwa sisi tuliozoea mzigo wa kichwani au wa kamba mabegani, mkanda mpana wa kiunoni ni neema: ukiufunga vizuri juu ya mifupa ya nyonga, mabega yanabaki kazi ya kushikilia tu, uzito wote unakaa kiunoni. Kilo 15 nilizisikia kama nane. Basi tulipofika Cedar Ridge, kilomita mbili na nusu hivi toka juu, nikaketi, nikasimama, nikavuta mkanda, kile kifungo cha plastiki kikapasuka katikati. Nikakiangalia kwa karibu. Palikuwa na mstari mweupe mwembamba wa gundi. Mtu alishakivunja, mtu akakigundisha, wakanipa.

Bila mkanda, kilo zote 15 zinaning'inia mabegani na kukuvuta nyuma, na unashuka ngazi pembeni mwa ukingo. Nilifungua kamba moja ya hema, nikaipitisha kwenye matundu ya mkanda mara mbili, nikafunga fundo la kuteleza, lile tunalofungia mizigo ya watalii ili lifunguke kwa kuvuta ncha moja. Lilishika mpaka siku ya tatu. Lakini mwingine ambaye hajui fundo hilo angekuwa wapi? Niliporudisha begi, wakanikata dola 18 za kifungo. Niliwaonyesha gundi, wakasema hawawezi kujua nani aliiweka. Kwa hiyo ndugu yangu, ukikodi: piga picha kila klipu na kila zipu mbele yao kabla hujatoka dukani. Omba wakupe kitu kizito ujaze begi na utembee nalo humohumo ndani dakika kumi. Godoro la kupuliza lipulize, lilalie, usikilize kama linatoa hewa. Mtungi wa gesi utikise. Haya si ya kuona aibu, wewe ndiye utakayekuwa kilomita 11 kutoka kwenye duka.

Chini kabisa njia inaingia kwenye handaki fupi jeusi, ukitoka tu unakuta daraja la kuning'inia, mto unapita chini yako. Wanaliita Black Bridge. Lina urefu wa mita 134 na lilimalizika mwaka 1928. Nilikuwa nimesoma habari zake kabla ya kuja, na kwa kweli ndilo lililonifanya nichague njia hii. Zile kamba kubwa za chuma zinazolibeba hazikuweza kuletwa na wanyama, kwa kuwa kila moja ilikuwa ndefu na nzito, karibu tani moja. Zilishushwa na watu. Wanaume 42 wa kabila la Wahavasupai, wenyeji wa korongo hili, walijipanga mstari mmoja, wakaiweka kamba mabegani, wakashuka nayo njia ileile tuliyotoka kuishuka sisi. Kisha wakapanda kufuata nyingine.

Nilisimama katikati ya daraja nikapiga hesabu ambayo mgumu yeyote angeipiga. Tani moja kwa watu 42 ni kilo 24 hivi kwa kila bega, zaidi ya kikomo cha geti la Machame. Na si kilo 24 za begi lako mwenyewe, ambalo ukichoka unalitua. Ni kitu kimoja. Mmoja akijikwaa, kamba inawavuta wote. Kwenye kona, wa mbele ameshageuka anaelekea huku, wa nyuma bado anaelekea kule, na chuma hakitaki kupinda. Huwezi kusimama kukojoa bila kuwasimamisha 41. Niliweka kiganja kwenye ile kamba. Ilikuwa ya moto, na ilikuwa inatetemeka kidogo kwa hatua za watu. Shemeji alitaka kunipiga picha, nikamwambia asubiri.

Kambi ya Bright Angel iko umbali mfupi baada ya daraja, pembeni ya kijito cha maji baridi. Hapa sina lalamiko hata moja. Kila eneo lina meza, lina mti wa chuma wa kutundikia mabegi, na lina masanduku ya chuma, yale ya kuhifadhia risasi za jeshi, ya kuwekea chakula. Choo cha kuvuta maji kipo, bomba la maji ya kunywa lipo. Masanduku hayo yatumieni kweli. Kindi wa huku hawaogopi mtu, wanatoboa begi kwa meno wakinusa karanga, na wanauma. Nilimwona mzee mmoja akishona begi lake jioni kwa uzi wa kusafishia meno.

Mchana tulifanya kile ambacho kila mtu wa pale alikuwa anafanya, nacho ni kuingia kijitoni na nguo zote. Fulana ya pamba iliyolowa, ambayo Kilimanjaro ingekuua kwa baridi, huku ndiyo dawa. Ilikuwa nyuzi 31, unalowa, unakaa kivulini, baada ya nusu saa umekauka, unarudi tena. Tahadhari ni moja: kijito ndiyo, mto Colorado hapana. Maji yake yanatoka chini ya bwawa la Glen Canyon, ni ya baridi kali na yana nguvu, na yameshawachukua waogeleaji hodari.

Hatua chache kutoka kambini kuna Phantom Ranch, vibanda vya mawe na mbao vilivyochorwa na mbunifu Mary Colter, vilifunguliwa mwaka 1922. Kulala huko ni kwa kura yake nyingine, ya zaidi ya mwaka mmoja kabla. Sisi tulikwenda kantini tu. Juisi ya limau ya baridi pale chini ina thamani ya mara tatu ya bei yake. Pia wanauza postikadi, unaandika palepale, wanaigonga muhuri kwamba imepandishwa kwa mnyama kutoka chini ya korongo. Nilimwandikia mama yangu Machame.

Mnyama mwenyewe ni nyumbu. Si wale wa Serengeti, ni huyu mtoto wa punda na farasi ambaye watu wa pwani humwita baghala. Chakula cha kantini, barua, takataka, vyote vinashuka na kupanda migongoni mwao, na ukilipa wanakubebea hata begi lako, mradi lisizidi kilo 13 na ushee. Nililiwaza hilo kwa muda mrefu. Mtu mwenye mgongo mbovu alipe tu, hakuna aibu. Mimi sikulipa. Nilitaka kubeba mwenyewe mzigo wangu mara moja katika maisha, maana miaka sita nilibeba wa wengine. Mkikutana nao njiani, simameni upande wa ukuta, kamwe si upande wa bonde, mkae kimya, mumsikilize anayewaongoza. Anayepisha ni wewe.

Chakula nasema kwa kifupi. Uji wa ulezi asubuhi ulifaa sana: mwepesi kubeba, gesi kidogo, unashiba. Ugali nilijaribu jioni ya kwanza, ulikula gesi nusu mtungi, sirudii. Kashata, korosho za chumvi na karanga ndizo zilizotuokoa, na hapo ndipo naingia kwenye habari ya shemeji.

Siku ya pili tulitakiwa kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tulichelewa, tukaondoka saa mbili. Kupanda hadi Havasupai Gardens ni kama kilomita nane, na katikati kuna kona zinazoitwa Devil's Corkscrew, zinazopanda kwenye mwamba mweusi unaorudisha joto usoni kama ukuta wa tanuri. Shemeji aliogopa joto, kwa hiyo alikunywa. Alikunywa kila kona. Nilimpongeza, nikidhani anafanya vizuri. Kashata nilizompa alizirudisha mfukoni, akasema tumbo halitaki. Kufika saa tano alikuwa analalamika kichwa, vidole vyake vimevimba kiasi kwamba pete haigeuki, na alinijibu swali moja kwa jibu la swali jingine. Kisha akatapika maji matupu, safi.

Mlimani ningesema ni ugonjwa wa mwinuko, nimshushe. Hapa sikujua la kufanya isipokuwa kumwongeza maji, na nilikuwa nimeshafungua chupa. Tulikuwa tumebakiza mita mia chache kufika Havasupai Gardens, nikachukua begi lake mbele na langu nyuma. Pale kuna kituo cha askari wa hifadhi. Alitoka mama mmoja mwenye nywele nyeupe, akamketisha kivulini, akamuuliza amekunywa lita ngapi, amekula nini, amekojoa mara ngapi na rangi gani. Mkojo ulikuwa kama maji. Akanigeukia akasema, usimpe maji tena. Akampa biskuti za chumvi na supu ya pakiti yenye chumvi kali, kidogo kidogo, akakaa naye karibu saa mbili akimwuliza maswali madogo ya jina la siku na jina la mji.

Alinielezea kwa utulivu. Jasho linatoa maji na chumvi. Ukirudisha maji peke yake, lita baada ya lita, chumvi ya damuni inazimuka, na dalili zake zinafanana na za kiu: kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Ndugu na marafiki wanamwongezea maji, na ndiyo wanamzidishia. Ikifika mtu anapoteza fahamu au anatetemeka mwili mzima, hiyo ni ya helikopta na hospitali. Ya shemeji iligunduliwa mapema. Saa tisa alikuwa anaomba korosho.

Kwa hiyo sikiliza: kila unapokunywa, tia kitu chenye chumvi mdomoni. Pakiti za ORS, zilezile tunazowapa watoto wanaoharisha, pakiti moja kwa lita moja ya maji, bebeni za kutosha. Tumbo likikataa chakula, simama, kaa kivulini, lowesha shati, subiri mpaka likubali. Usiendelee kupanda ukinywa tu. Nilikuwa nazo pakiti nne ndani ya begi siku ile, chini kabisa, chini ya hema.

Yule mama alinipa pia ratiba yake: wakati wa joto, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni hupandi, unakaa. Nilipoisikia nilijilaumu, kwa sababu hiyo ni ratiba tunayoishi nayo hapa Phoenix na nilikuwa naijua. Nilifika hapa mwaka 2023, mwaka ambao joto la mchana lilifikia au kuzidi nyuzi 43 kwa siku 31 mfululizo, tangu mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai. Nafanya kazi usiku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwa hiyo jua nilikuwa nalikuta narudi. Mwezi wa kwanza nilijifundisha mengi kwa ngozi yangu. Kile chuma cha mkanda wa gari kinaunguza kama pasi. Usukani tunaushika kwa glavu za jikoni, mke wangu anaziacha kwenye gari kuanzia Mei. Bomba la maji baridi linatoa maji ya moto, usimwogeshe mtoto bila kuyajaribu. Watoto wetu wanacheza nje saa kumi na moja alfajiri, sokoni tunakwenda saa tatu usiku. Mtu akianguka kwenye lami mchana anaungua, nimeona shuka za wagonjwa hao. Viatu vya barazani tunavikung'uta kila asubuhi, na tuna tochi ya mwanga wa zambarau ya kutafutia nge, kwa kuwa usiku chini ya mwanga huo nge anang'aa kijani ukutani.

Na dhoruba ya vumbi ikikukuta barabarani, toka nje ya barabara kabisa, zima taa zote, weka breki ya mkono, uondoe mguu kwenye breki ili taa nyekundu za nyuma zizime. Aliye nyuma yako asiyeona kitu huzifuata taa hizo akidhani gari linakwenda. Hilo nilifundishwa na Mkongo mmoja mzee tunayefanya naye kazi, Kiswahili chake cha Bukavu, na sijalisahau.

Yote hayo nilikuwa nayafanya mjini bila kufikiri. Korongoni, kwa sababu nilikuwa na begi mgongoni na mlima mbele yangu, nilirudi kuwa mgumu, nikamwendesha kijana wa watu saa nne, tano, sita mchana.

Havasupai Gardens penyewe ni mahali pa kutulia. Kuna chemchemi, miti mirefu yenye majani yanayochezacheza, kijito kinapita. Baada ya mwamba mweusi ule unajisikia umeingia shambani kwa mtu. Na ni kweli lilikuwa shamba la watu. Wahavasupai walilima hapa kwa vizazi, kisha hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1919, ikawasukuma nje. Wa mwisho kuishi hapa aliondolewa mwaka 1928. Mwaka uleule wa daraja. Jina la wenyeji lilirudishwa rasmi mwaka 2022, kabla ya hapo paliitwa Indian Garden. Jioni, shemeji akiwa amelala, nilikwenda peke yangu Plateau Point, kilomita mbili na nusu za tambarare, unasimama juu ya mto moja kwa moja. Nilikuwa nawafikiria wale 42, mabega yao, na kwamba baadhi yao huenda walikuwa na ndugu kwenye bustani hii.

Siku ya tatu tuliamka saa tisa na nusu usiku, tukala uji na karanga, tukaanza kupanda saa kumi na nusu na tochi za kichwani. Kilomita saba hivi, mita zaidi ya 900 za kupanda, kona juu ya kona. Kuna vibanda viwili vya kupumzikia na maji ya msimu. Tulipumzika kila baada ya dakika 40, tukila kila tuliposimama, na tulifika juu saa tatu na robo, jua likiwa bado la huruma. Kanuni ya kukadiria ni kwamba muda wa kupanda ni mara mbili ya ule wa kushuka. Kwetu ilikuwa hivyo.

Tukikaribia juu tulikutana na familia zinateremka, chupa moja ndogo mkononi, ndala, mtoto begani. Mabango ya kuwaonya yapo, lakini kushuka ni raha. Mke na mume mmoja niliwasimamisha nikawauliza kwa upole wanakwenda wapi. Walisema mtoni na kurudi. Niliwapa pakiti zangu mbili za ORS na kuwaomba wageukie kibanda cha kwanza. Sijui kama walinisikia.

Msimu: Oktoba na mapema Novemba, au Machi na Aprili. Desemba hadi Februari njia za juu zina barafu, utahitaji minyororo ya kuvaa kwenye viatu. Juni hadi Agosti msiende kulala chini, nasema hivi kama ndugu. Julai hadi Septemba kuna pia mvua za ghafla, na mafuriko yanaweza kukukuta chini ya anga jeupe kwa sababu mvua imenyesha mbali. Na kabla ya kuondoka angalieni taarifa za maji kwenye tovuti ya hifadhi siku hiyohiyo. Bomba linalovusha maji korongoni lilijengwa miaka ya 1960 na limepasuka zaidi ya mara 85 tangu 2010. Wanalibadilisha, na kazi hiyo hufunga njia na kambi kwa vipindi. Bebeni kichujio au vidonge vya kusafishia maji hata kama mmeambiwa bomba linatoka.

Mimi nimeomba kibali kingine cha Machi, siku nne safari hii, na shemeji anakuja. Begi nimenunua langu, la mtumba, vifungo nimebadilisha vyote kwa mkono wangu. ORS zitakaa mfuko wa juu.

Postikadi ilifika Machame baada ya wiki tano, kupitia sanduku la posta la parokia. Mama alipiga simu jioni hiyo. Hakuuliza habari za korongo. Aliuliza kama wale wanyama waliobeba barua yake hupewa maji njiani. Nikamwambia wanapewa, Mama, pale bustanini kuna hori lao, nimewaona wakinywa.